Mikono Arobaini na Sita

Wewe unayesoma, ni lini mara ya mwisho uliulizwa "umeelewa?" ukajibu "ndiyo" huku kichwani mwako kukiwa giza totoro?

Usijibu haraka. Kujibu haraka ndio ugonjwa wenyewe. Hiyo "ndiyo" tumefunzwa tukiwa bado tunang'oka meno ya utoto, tukaibeba hadi ukubwani. Tunamwitikia daktari anayetueleza dawa, tunamwitikia mwenyekiti wa mkutano, kisha tukifika nje tunaulizana, "Eti kasema nini yule?" Na aliyetufunza wala hakuwa mtu mbaya. Mara nyingi alikuwa mtu mwema, mchapakazi, mwenye vumbi la chaki begani, kama huyu wa kisa hiki.

Wanafunzi walimwita Chaki Mbili, kwa sababu moja ilikuwa mkononi na ya pili aliichomeka nyuma ya sikio kama seremala na penseli yake. Lakabu hiyo aliijua, akajifanya haijui. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na thelathini kati ya hiyo aliimaliza mbele ya ubao akifundisha hesabu darasa la nne. Si mtoro, si mlevi, na fimbo aliiweka chini kabla hajaamriwa na mtu. Kengele ya kwanza ilimkuta mlangoni kila siku ya Mungu. Mzazi yeyote wa mtaa ule, ukimwuliza habari zake, angekujibu, "Yule? Yule ni mwalimu hasa."

Alikuwa na vitu viwili alivyovitunza kuliko vyote. Cha kwanza ni bati la biskuti lililoanza kutu. Ndani yake mlikaa maduara ya karatasi ngumu, mekundu upande mmoja, aliyoyakata mwenyewe katika nusu, theluthi, robo, na kuendelea. Kwa miaka kumi na tano mikono ya watoto haikuyagusa, kwani yangechakaa. Yalitoka siku za wageni tu, yakabandikwa ubaoni, yakarudi batini.

Cha pili hakikuwa na bati. Kilikuwa mapatano.

Alirithishwa na mwalimu mwenzake wa zamani, siku alipoaibishwa na mkaguzi akiwa mgeni kazini. Siku hiyo aliuliza swali, ikanyooka mikono miwili tu, na mkaguzi akaandika kwa muda mrefu sana. Yule mwenzake akamvuta pembeni. "Mdogo wangu, unajinyonga bure. Waambie watoto hivi: akija mgeni, kila swali wananyoosha wote. Anayejua, mkono wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Wewe unachagua wa kulia. Mgeni anaona msitu wa mikono, anakwenda zake ameshiba."

Tangu hapo, kila mwanzo wa mwaka, Chaki Mbili alilifunza darasa jipya mapatano hayo kabla hata ya kujumlisha. Kiganja mbele, vidole pamoja, kiwiko kisikunjwe. Mwaka mmoja mtoto mmoja aliuliza, "Mwalimu, mimi ni mashoto, nifanyeje?" Akajibiwa, "Wewe ukijua nyoosha wa kulia kama wenzako. Usituharibie utaratibu." Darasa likacheka, na utaratibu haukuharibika. Wageni walikuja, waliona, walisifu.

Sasa zilibaki sifa za kufungia kazi. Shule nane za eneo lile zilitafuta mwalimu kiongozi wa hesabu, mtu wa kuzizungukia na kuwaelekeza walimu wachanga. Chaki Mbili aliisubiri nafasi hiyo miaka kumi na miwili. Mara mbili aliikosa kwa mtu mwenye cheti kikubwa zaidi. Ikiwa imebaki miaka minne astaafu, Mama Mkuu wa shule alilipendekeza jina lake, naye akajua kwamba akikosa safari hii, basi tena. Masharti hayakuwa mengi: afundishe somo moja mbele ya mkufunzi kutoka chuo cha ualimu, na angalau theluthi mbili ya darasa wawe wamelifikia lengo la somo.

Mkufunzi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye viatu vya chini na daftari dogo. Alikuwa amefika wiki mbili kabla kuwafunza walimu wote namna ya kujaza fomu mpya ya andalio la somo. Kwenye fomu hiyo kulikuwa na safu iliyoandikwa "Ushahidi wa ujifunzaji". Alieleza saa nzima, walimu wakiandika huku wakitazama saa ya ukutani, kisha akauliza, "Tumeelewana, walimu?"

"Ndiyooo!" wakaitikia kwa sauti moja, watu wazima wenye wajukuu.

Mwalimu wa jiografia, ambaye wenzake walimwita Ramani, aliinamia sikio la Chaki Mbili. "Ushahidi? Kwani tumeshtakiwa?"

"Jaza tu," Chaki Mbili alimnong'oneza. "Andika 'wanafunzi wameelewa.' Nani atasoma?"

Siku ya somo ikafika. Shati lilinyooshwa mpaka likawa kama jipya. Mkufunzi na Mama Mkuu waliketi dawati la nyuma, magoti yao yakigusa ubao wa dawati. Mbele yao watoto arobaini na sita walikaa wima kama waliomeza rula.

"Kati ya theluthi na robo," Chaki Mbili aliuliza, "ipi kubwa?"

Mikono arobaini na sita ikapaa. Jicho lake lililozoea likapita juu yake kama kidole kinachopita juu ya orodha: kushoto, kushoto, kulia, kushoto. Akamchagua msichana mwembamba wa dawati la mbele, ambaye darasa zima lilimwita Profesa.

"Theluthi, mwalimu!"

"Mpigieni makofi matatu!"

Pa! Pa! Pa! Maduara mekundu yakatoka batini. Theluthi ikabandikwa, robo ikabandikwa, maelezo yakatiririka kama maji ya mfereji. Aliandika maswali ubaoni, akamwita mmoja mmoja wa mkono wa kulia kuyajibu palepale, na wote wakanakili maswali pamoja na majibu. Mama Mkuu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kila kitu kilikwenda kama cherehani iliyotiwa mafuta.

"Nani ana swali?" akauliza mwishoni, jinsi anavyouliza mtu asiyetarajia jibu.

Kule nyuma, mkono mmoja ukainuka.

Ulikuwa wa mkufunzi. Mkono wa kushoto. Kiganja mbele, vidole pamoja, kiwiko hakikukunjwa.

Chaki ya mkononi ilimponyoka ikavunjika sakafuni. Ikabaki ya sikioni.

"Mkufunzi... una swali?"

"Hapana, mwalimu," alisema akiushusha mkono polepole. "Nilikuwa najinyoosha tu. Ahsante kwa somo."

Watoto wakacheka. Mama Mkuu naye akacheka. Mtu mmoja tu hakucheka, maana katika miaka yote ile alikumbuka kila kitu isipokuwa jambo dogo lililo wazi: watoto aliowafunza mapatano wangekua.

Wakati wa mapumziko mkufunzi alimkuta kwenye bomba la maji nyuma ya madarasa, akinawa vumbi ambalo lilikuwa limekwisha kutoka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Lakini si tulishaamkiana asubuhi?"

"Ile ilikuwa ya mkufunzi. Hii ni ya mwanafunzi wako. Hunikumbuki?"

"Nisamehe, mwanangu. Sura zilizopita hapa ni nyingi."

"Dawati la tatu, penye dirisha lililovunjika kioo. Uliniita Bi Kimya."

Ikamjia. Msichana wa soksi zisizolingana, asiyegombana wala kuchelewa. "Bi Kimya! Loo! Wewe hukuwa na usumbufu hata chembe!"

"Ningesumbua vipi, na mkono wangu ulikuwa juu siku zote?" Alifunga bomba lililokuwa likichuruzika. "Wa kushoto, mwalimu. Mwaka mzima. Nilikuwa nasubiri wageni waondoke, uje uniulize, 'Bi Kimya, ni wapi pamekushinda?' Nilidhani mapatano yalikuwa ya kutujua sisi tusioelewa."

Chaki Mbili alifuta mikono iliyolowa kwenye suruali.

"Unajua nilielewa lini?" mkufunzi aliendelea, bila ukali. "Nikiwa na miaka kumi na saba. Jikoni kwa shangazi yangu, nikikata sabuni ya mche vipande vya kuuza. Mche mmoja nikakata vitatu, mwingine nikakata vinne. Nikavishika viwili, cha theluthi mkono mmoja, cha robo mkono mwingine. Nikalia palepale. Shangazi akadhani nimejikata kidole."

"Leo umeona wangapi?" Chaki Mbili akauliza hatimaye.

"Nimehesabu thelathini na mmoja wa kushoto."

Hesabu ilikuwa kazi yake, na ilimjibu papo hapo. Theluthi mbili ya darasa lile ni watoto thelathini na mmoja. Alihitaji thelathini na mmoja wanaojua, naye alikuwa nao thelathini na mmoja wasiojua.

Mkufunzi alitoa fomu katikati ya daftari lake. Chini kabisa palikuwa na mstari: *Waliofikia lengo la somo: ...... kati ya ......* "Hapa anajaza mwalimu mwenyewe, si mimi. Nitaichukua kesho asubuhi nikija kufunga ile semina ya fomu. Ukiandika arobaini na sita, nitaipeleka hivyohivyo."

"Unanitega, Bi Kimya?"

"Hapana, mwalimu. Mama Mkuu amenieleza ulivyoisubiri nafasi hii. Sitaki iwe mimi niliyekunyima, wala mimi niliyekupa."

Kipindi cha mwisho siku hiyo kilikuwa cha bustani, lakini Chaki Mbili aliwaomba watoto wabaki ndani. Alifunga mlango.

"Wageni wameondoka," aliwaambia. "Nataka mikono kama ya asubuhi. Theluthi na robo, ipi kubwa? Anayejua, kulia. Asiyejua, kushoto."

Watoto wakatazamana. Mchezo huu haukuwahi kuchezwa bila wageni. Mmoja akauliza, "Mwalimu, wa kushoto hapigwi?"

"Nimempiga nani mimi?"

"Hakuna, mwalimu. Nilikuwa nauliza tu."

Mikono ikainuka, kwa woga kwanza, kisha yote. Alihesabu kwa kidole, dawati kwa dawati. Thelathini na mmoja wa kushoto. Bi Kimya hakukosea hata mmoja. Akamgeukia Profesa, aliyenyoosha wa kulia kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza katika somo lile akamwuliza neno ambalo hakuwahi kumwuliza mtoto mbele ya mgeni.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ndivyo ulivyosema, mwalimu."

"Haya. Na sehemu moja ya tano na sehemu moja ya saba?"

Profesa aliangalia dari, akaangalia dawati. Midomo ilicheza bila sauti. Kisha, taratibu, akaushusha mkono wa kulia na kuinua wa kushoto, machozi yakimlengalenga kama mtu aliyekamatwa.

Thelathini na wawili.

Alifika nyumbani jua halijazama, amebeba madaftari yote arobaini na sita. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na sebule yao ilikuwa nusu sebule, nusu karakana. Vipande vya kitambaa vilijaa kwenye kochi, pini zikalala kwenye sahani.

"Vipi, mwalimu kiongozi?" mkewe alimpokea, mdomoni akiwa ameuma uzi. "Nikushonee koti, au bado unatembea kwa miguu kama sisi?"

"Acha kwanza, mama watoto."

Alisafisha pembe ya meza, akaanza kusahihisha. Daftari la kwanza, yote sawa. La pili, yote sawa. Alipofika la sita alisimama. Maswali yalikuwa yameandikwa namba moja, mbili, tatu, tano. Akarudi la kwanza: moja, mbili, tatu, tano. Akachukua la mwisho kabisa: moja, mbili, tatu, tano. Asubuhi, kwa wasiwasi wa mgeni, aliruka namba nne ubaoni, na watoto wote arobaini na sita waliiruka pamoja naye. Hakuna aliyeshangaa. Hakuna aliyeuliza.

Alimweleza mkewe yote, tangu mkono wa Bi Kimya hadi machozi ya Profesa. Mkewe alisimamisha cherehani, jambo ambalo kwa kawaida halikufanyika mpaka upindo uishe.

"Yaani miaka yote hii," alisema, "una kipimo mkononi, unakitumia kuwafichia wageni?"

"Usinikate maini."

"Sikukati. Nashangaa. Mimi nikimpima mteja kiuno, kiuno hakiniitikii 'ndiyo fundi' ili nifurahi. Nikikosea, gauni linakataa kufunga, na mwenyewe anasimama hapo mlangoni kunipa vidonge vyangu. Wewe una watoto wanaokwambia wenyewe, 'Hapa pananibana,' halafu unawaruka!"

"Nikiandika ukweli, nafasi imekwenda. Miaka kumi na miwili, mama watoto."

"Najua. Nilikuwa naihesabu pamoja na wewe." Alichomoa pini moja upindoni. "Ila nikuulize. Hao walimu wachanga wa shule nane, ulikuwa unakwenda kuwafundisha nini hasa?"

Chaki Mbili alifikiri kwa uaminifu wote aliokuwa nao. "Mikono," akasema.

Mkewe alijizuia, akashindwa. Kicheko kilimtoka na uzi ukamtoka, na mumewe, ambaye moyo wake ulikuwa mzito kama gunia la mchanga, akajikuta anacheka naye mpaka akavua miwani kuifuta. Walipotulia, mkewe alirudi kwenye upindo wake. Yeye akaichukua fomu na kuandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, mkubwa na wa wazi: *14 kati ya 46*. Kisha akaichukua kalamu nyekundu na kuandika chini ya kila daftari: *Nimeruka namba 4. Tutaanza upya kesho, na maduara mtayashika wenyewe.* Aliandika maneno hayo mara arobaini na sita, na lilipofika la mwisho chakula kilikuwa mezani.

Asubuhi iliyofuata walimu kumi na watatu walijaa katika chumba cha walimu kabla ya kengele, vikombe mkononi, madaftari yamepangwa mezani kama matofali. Mkufunzi alisimama mbele akikusanya fomu, na Mama Mkuu aliketi karibu naye akizipitia kwa kalamu ya sahihi. Ilipofika ya Chaki Mbili, kalamu ilisita.

"Mwalimu, umekosea hapa. Umeandika kumi na wanne. Jana nimeona kwa macho yangu mikono yote juu."

"Umeiona, Mama Mkuu. Lakini hukuuliza ni ya upande gani."

Akawaeleza. Aliyaeleza mapatano yote, kulia na kushoto, bila kujitetea na bila kujipiga kifua. Wakati akieleza, walimu wawili walianza kuchunguza vidole vyao vya miguu kwa makini sana, na wa tatu akakumbuka ghafla kwamba chai yake ilihitaji kukorogwa.

"Unaelewa, mwalimu," mkufunzi alisema kwa upole, "kwamba kwa idadi hii nafasi haitakuja kwako."

"Naelewa. Na hilo neno safari hii nalisema kweli."

Mkufunzi aliiweka fomu katika jalada pamoja na nyingine. Mkono wake ulitua juu yake kidogo, kama unaolaza kitu.

"Haya, walimu, kabla sijafunga semina. Ile safu ya ushahidi wa ujifunzaji, tulielewana?"

"Ndiyooo!"

Chaki Mbili hakuitikia. Aliunyoosha mkono wake wa kushoto, kiganja mbele, vidole pamoja. Hakuwahi kuunyoosha hata siku moja tangu aanze kuwafunza wengine, na ulikuwa mzito kuliko alivyodhani.

 Ramani aliutazama mkono ule, akautazama mlango, akaiweka chini chai yake. "Basi na mimi," alinong'ona, "maana mpaka leo sijui tumeshtakiwa kwa kosa gani," akainua wa kushoto. Mwalimu wa sayansi akafuata. Wakafuata wale wawili wa vidole vya miguu.

Na ndipo Chaki Mbili alipoona kitu ambacho katika miaka thelathini hakukitarajia. Mama Mkuu, aliyekuwa amezitia sahihi fomu zile zote, alifunika kalamu yake kwa utaratibu. Akauondoa mkoba uliokuwa umening'inia kwenye mkono wake wa kushoto, akauweka mezani. Kisha akauinua mkono huo, bangili zikateremka moja baada ya nyingine hadi kiwikoni.